Michezo ya pikipiki barabarani

Kunyanyua tairi la mbele, kusimama juu ya kiti au kuachia usukani pikipiki ikiwa kwenye mwendo kasi ni mambo yanayoonekana sana Tanzania kwenye misafara ya harusi, mazishi ya bodaboda na kampeni za siasa. Vijana wengi huyaona ni ufundi, na vigelegele vya watazamaji huwachochea. Waenda kwa miguu huona hatari, na wako sahihi kabisa. Tairi la mbele likiwa hewani, usukani hauongozi kitu, na breki ya mbele, iliyo na nguvu kuliko ya nyuma, haifanyi kazi. Mtoto akikatiza ghafla, dereva hana la kufanya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza uendeshaji wa hatari. Mwenye kipaji anahitaji uwanja uliofungwa, kofia ngumu na mavazi ya kinga.