Mkaa wa Kashaulili na Maji ya Katuma



Ni ada ya mihadhara ya namna hii kuanza na mambo makubwa ya dunia, barafu zinazoyeyuka na moshi wa viwanda vya mbali, nami sina neno la kuyakanusha hayo. Lakini kwa kuwa tumekutana Kashaulili, katika mji ambao nyumba zake nyingi hupika kwa mkaa uliochomwa katika misitu ya miombo ya mkoa huu huu wa Katavi, naona ni haki zaidi kuanza na chungu cha maharage kilichoko jikoni, maana kutoka hapo mpaka kwenye kisiki cha mti wa mtundu uliokatwa kwa ajili yake masafa si marefu.

Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa nyasi na udongo, akayaacha yaungue polepole siku baada ya siku. Na katika tanuri hilo la kienyeji kilo moja ya mkaa humeza kilo sita za kuni, pengine hata kumi. Basi mwenye kuuacha moto uwake bure baada ya chakula kuiva ameteketeza gogo asiloliona, na hiyo ni israfu. Simlaumu mchoma mkaa, kwani yeye hukata kile ambacho sisi wa mjini tumekwisha kukiagiza kwa fedha zetu.

Dawa yake, alhamdulillahi, haihitaji mtaji. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva upesi kuliko makavu. Chungu kilichofunikwa hakipotezi joto jingi. Jiko la udongo lililovikwa bati hula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Na mkaa uliobaki, ukifunikwa ukakosa hewa, huzimika ukafaa kesho yake. Najua kwamba mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mwenye uwezo wa kujaza mtungi wa gesi na aujaze. Lakini mtungi ukiisha kabla ya fedha kupatikana, mkaa hurejea jikoni, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika.

Wapo watakaosema kwamba watu hawaachi mazoea yao. Nawakumbusha tarehe 1 Juni 2019, siku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, tukarudia vikapu na mifuko ya kitambaa, na masoko yasifungwe. Na ingawa vifuko vyembamba vimerejea kwa njia za panya, mazoea yalibadilika mbele ya macho yetu.

Sasa niseme juu ya Katuma, mto unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ukaelekea Ziwa Rukwa. Wakati wa kiangazi viboko hubanana kwa mamia katika madimbwi ya tope yaliyosalia, na wageni hulipa kuja kuwatazama, ilhali kwa mwenye kutafakari hiyo ni dalili ya dhiki. Haitakuwa kweli kudai kwamba mkaa peke yake umeukausha mto: maji huchepushwa huko juu kwa mashamba ya mpunga, na misitu hufyekwa kwa kilimo. Lakini msitu ukipungua, mvua hutiririka juu ya ardhi badala ya kuzama ndani yake.

Kupanda miche ni jambo jema, ila naamini kwamba twausifu mche kupita kiasi na kukisahau kisiki. Mtundu uliokatwa huchipua wenyewe, madhali haukulimwa wala kuchomwa moto. Na mrina asali anayetumia mzinga wa mbao, badala ya kuambua gome la mti mzima ukafa, huvuna katika msitu ule ule mwaka baada ya mwaka.

Nawasihi, basi, waume kwa wake, kwa kuwa fedha ya mkaa hutoka mifukoni mwenu nyote: mwenye maharage ya kesho na ayaloweke usiku wa leo, na mwenye shamba alilolipumzisha na aviache visiki vyake vichipue.