Vikombe vya Karatasi Visivyounguza Vidole

Kikombe cha karatasi cha chai ya moto hutengenezwa kwa karatasi nene iliyopakwa utando mwembamba wa polithini, aina ya plastiki, upande wa ndani, ili kinywaji kisipenye. Karatasi hukatwa, hukunjwa na kubanwa mshono kwa joto. Kitako hupachikwa, kisha ukingo wa juu huviringishwa ili usikwaruze mdomo.

Njia kuu za kukinga joto ni mbili. Ya kwanza ni kukivisha kikombe karatasi ya pili. Hewa iliyobaki katikati huchelewesha joto kufika mkononi. Ya pili hutumia unyevu uliomo ndani ya karatasi yenyewe. Upande wa nje hupakwa polithini inayolainika kwa joto dogo kuliko ile ya ndani. Kikombe kikipita kwenye tanuri, unyevu hugeuka mvuke na kuuumua utando wa nje kama unga wa mandazi, ukajaa vipovu.

Tatizo liko kwenye taka. Polithini haiozi kama karatasi, na kuitenganisha kunahitaji mitambo maalumu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania 2019. Lakini ndani ya kikombe hiki, plastiki bado imo.