Mapatano na Wageni, na Beseni la Mchimbaji

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wachimbaji wa Salamabila)



Tunasikia kila mara ya kwamba kampuni za nchi za mbali zikiungana huleta maarifa mapya. Nataka kuuliza: maarifa hayo hufika wapi?

Namoya mnaijua. Banro ya Kanada ilijenga kiwanda pale, na mwaka 2016 ikatangaza kwamba kazi ya biashara imeanza. Baiyin ya China na Gramercy ya Marekani nazo zikaingia na fedha zao. Tusikatae lililo kweli: maarifa yalikuja. Mawe yalivunjwa, yakalundikwa juu ya plastiki, yakadondoshewa maji ya sianidi. Dhahabu ikayeyuka ndani ya maji yale, kisha ikanaswa na makaa. Lakini udongo wetu ni laini, nao huziba lundo, maji yasipite. Mafundi wakalazimika kuuviringisha kwanza ndani ya pipa kubwa ili ushikamane. Basi udongo wa Namoya nao uliwafundisha mafundi wa ng'ambo!

Nje ya ua, mwanamume alikuwa bado na mtaimbo na beseni, na mama na kinu chake. Ugomvi juu ya mahali pa kuchimba, hasa Mwendamboko, ukaingiwa na bunduki. Septemba 2019 Banro ikasimamisha kazi. Kiwanda kikanyamaza. Je, wangapi kati yetu walibaki na ufundi mkononi?

Sasa tazameni mapatano ya namna nyingine. Wachimbaji wa Benguet, huko Ufilipino, hawatumii zebaki. Huyeyusha dhahabu kwa boraki, ile chumvi nyeupe ya masonara. Wataalamu wa Denmark waliipeleka njia hiyo Tanzania, wakaandika habari zake mwaka 2010. Hapakuwa na mitambo ya mamilioni: chungu kidogo, mkaa, na upepo wa kuchochea moto. Taabu yake ipo. Mchanga lazima uoshwe tena na tena mpaka ubaki ule mzito tu, na asiye na subira atarudia zebaki, avute moshi wake pamoja na watoto.

Kwa hiyo kampuni yo yote ikija, tusiulize habari za ajira peke yake. Sheria ya madini ya 2018 inadai asilimia 0.3 ya mauzo iende kwa maendeleo ya watu wa mahali, na asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa utawala wa mahali. Sheria ya 2017 inaweka kazi ndogo ndogo za kampuni kubwa mikononi mwa kampuni za Wakongo. Katika daftari la masharti iandikwe: mashine za kusaga mawe, mafunzo ya ufundi, na eneo halali la wachimbaji wa mikono. Na mama watwangaji wakae mezani siku hiyo ya kuandika, wala si nje ya mlango.

Nimesema yangu. Sasa semeni ninyi, na mama waanze.