MASHUA NDOGO NA MANOWARI KUBWA



Wazee walisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Maneno hayo yamfaa kila mtu atakaye kufahamu habari za vita vya baharini, kwa maana adui wa kuogopwa na manowari si lazima awe manowari mwenziwe. Pengine ni kundi la mashua ndogo zijazo pamoja kama nyuki waliochokozwa mzingani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1866 Mwingereza Robert Whitehead, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Fiume, aliunda topido, yaani kombora liendalo lenyewe chini ya maji na kupasuka ligusapo chombo. Baada ya miaka michache topido zilitiwa katika mashua ndogo za mbio, na mataifa makubwa yakaingiwa na hofu. Manowari zilizogharimu mali nyingi zikaanza kuzungushiwa nyavu za chuma, zikapewa kurunzi kubwa za kumulika usiku na mizinga midogo ipigayo upesi. Mwaka 1893 Waingereza wakashusha majini HMS Havock, chombo chepesi kilichoundwa makusudi kuwinda mashua hizo. Ndipo ilipoanza jamii ya manowari ziitwazo destroya.

Kwa nini wingi wa mashua unatisha? Mashua iendayo noti 40 hupita kadiri ya mita 20 kwa kila sekunde. Ikionekana ingali mbali kilometa 4, itaifikia manowari kwa muda wa dakika tatu na kitu. Ikiwa ni moja tu, muda huo watosha kuilenga na kuizamisha. Lakini zikija kumi, kutoka pande zote, kila moja yapata sekunde zisizozidi 20, na mzinga mmoja hauwezi kulenga pande mbili kwa wakati mmoja. Tena mashua ndogo hukaa chini sana majini, hata rada huweza kuipoteza katikati ya mawimbi.

Kwa sababu hiyo ulinzi hupangwa kama maboma, boma nje ya boma. Kwanza eropleni na helikopta hutangulia mbali. Tarehe 18 Aprili 1988, katika Ghuba ya Uajemi, eropleni za Marekani zilizishambulia mashua za mbio za Iran, zikazamisha moja, na nyingine zikakimbilia kisiwa cha Abu Musa. Pili ni mizinga mikubwa na makombora. Tatu ni mizinga midogo na bunduki za mtombo, kwa wale watakaopenya. Na manowari yenyewe hukaza mwendo na kugeuka, ili mizinga yake mingi ipate nafasi ya kulenga.

Walakini silaha hizo zote hazifai kitu ikiwa haijulikani ni nani ajaye. Tarehe 12 Oktoba 2000 manowari ya Marekani, USS Cole, ilikuwa ikitia mafuta katika bandari ya Aden. Mashua ndogo yenye watu wawili ikasogea ubavuni kwa utulivu, kisha ikapasuka. Mabaharia 17 walikufa. Nayo Cole ilikuwa destroya, mjukuu wa zile zilizoundwa kuwinda mashua ndogo!

Kosa la upande wa pili ni zito vilevile. Usiku wa tarehe 21 Oktoba 1904 manowari za Urusi, chini ya Amiri Rozhestvensky, zilipita katika Bahari ya Kaskazini zikielekea kupigana na Japani. Zilipoona vyombo vidogo gizani zilidhani ni mashua za topido za Wajapani, zikapiga mizinga. Kumbe walikuwa wavuvi wa Hull, wenye nyavu majini! Wavuvi waliuawa, chombo kimoja kikazama, na Urusi ikalazimika kulipa fidia. Zaidi ya miaka mia ikapita, na mambo yakawa yale yale: tarehe 16 Julai 2012, karibu na Dubai, walinzi wa meli ya mafuta ya jeshi la maji la Marekani walipiga risasi mashua ya wavuvi, na mvuvi mmoja Mhindi akafa.

Siku hizi mashua za vita huweza kwenda bila mtu ndani, zikiongozwa kutoka mbali. Tarehe 1 Februari 2024 Waukraine walituma kundi la mashua za namna hiyo, zikaizamisha manowari ya Urusi iliyoitwa Ivanovets katika Bahari Nyeusi. Ikiwa hakuna mtu ndani, hakuna wa kuogopa kufa, wala wa kuitikia onyo.

Basi habari hii si ya maamiri peke yao. Katika maji ya Marekani sheria huamuru kila chombo kipunguze mwendo kikiwa ndani ya yadi 500 za manowari, wala kisiikaribie chini ya yadi 100 bila ruhusa. Mvuvi wa pwani yoyote, awe na ngalawa au mashua ya mashine, atafanya vema kuifuata desturi hiyo: awashe taa usiku, apunguze mwendo, ageuze omo mapema. Baharia aliye zamu ana sekunde chache tu za kuamua, naye hawezi kuyaona yaliyomo moyoni mwa ajaye.