Kiwanda cha Kesho Huanza na Zamu ya Leo

Mkazi wa miteremko ya Kilimanjaro hahitaji kufundishwa maana ya matengenezo. Mifongo yetu, ile mifereji inayoleta maji kwenye vihamba, imedumu kwa karne kadhaa kwa sababu rahisi. Siku ya kusafisha ikitangazwa, kila kaya hutoa mtu, na asiyetokea hutozwa faini. Hakuna anayesubiri mfongo ubomoke ndipo atafute jembe.

La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo akishuka mjini Moshi na kuingia kiwandani, desturi hiyo huiacha getini. Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, nikaikuta mashine kubwa imesimama kwa siku ya nne. Meneja alinieleza kwamba gia imekatika meno na wanangoja nyingine kutoka Dar es Salaam. Nilipokuwa natoka, fundi mmoja wa zamu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mashine ile ilianza kupiga kelele wiki tatu kabla. Nikamuuliza alimweleza nani. "Sisi hapa hatuulizwi, ndugu mwandishi," akanijibu.

Wiki tatu za onyo zikapotea bure! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunapozungumza juu ya kuviandaa viwanda vyetu kwa siku zijazo, fikra zetu hukimbilia mashine mpya na mkopo wa benki. Lakini mashine mpya ikiingia mahali penye tabia ya zamani, haichukui muda nayo kuwa chuma chakavu.

Vipuri navyo havipatikani jirani. Ukitoka Moshi kwenda Arusha, katika Wilaya ya Hai, kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria ili kitengeneze mashine na vipuri kwa ajili ya viwanda vingine. Kilisimama kwa miaka mingi kabla Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, halijaanza kukifufua. Kwa kuwa gia yetu hutoka mbali, hatuna budi kuitunza hii tuliyo nayo.

Sasa tuteremke Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Mwaka 2000, serikali ilipouza asilimia 75 ya hisa na kubaki na 25, kiwanda kile kilikuwa kikitoa tani zipatazo 36,000 za sukari kwa mwaka. Baadaye kilivuka tani 100,000. Fedha ziliwekwa, hilo halina ubishi: miwa ilipandwa upya, umwagiliaji ukaboreshwa, mitambo ikakarabatiwa. Hata hivyo, fedha peke yake haikamui muwa. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo mkataji, dereva na mtu wa kinu sharti wafuate saa moja. Makapi nayo hayatupwi, bali huchomwa kuzalisha umeme. Na masika yakifika, kinu husimamishwa makusudi ili kifunguliwe na kutengenezwa. Kusimama kwa kupanga si sawa na kusimama kwa kukwama.

Wajapani wana neno lao, kaizeni, yaani kuboresha kidogo kidogo kila siku. Tangu mwaka 2013 Wizara ya Viwanda, ikisaidiwa na Japani, imekuwa ikiieneza mbinu hiyo nchini. Mwanzo wake hauhitaji mkopo: ondoa kisichohitajika, weka kila kifaa mahali pake, safisha, kubalianeni utaratibu mmoja, kisha mshikilie.

Lakini liko jambo ambalo wakuu wa viwanda hawapendi kulisema. Mfanyakazi anajua kwamba neno "ufanisi" mara nyingi hufuatwa na orodha ya wanaopunguzwa kazi. Fundi akionyesha kuwa kazi ya watu sita yaweza kufanywa na wanne, kisha akawa wa kwanza kufungashiwa virago, nani atafumbua mdomo tena? Ataisikia gia ikilia, naye atanyamaza.

Kwa hiyo napendekeza menejimenti na chama cha wafanyakazi waliandike jambo hili kwenye mkataba wa hali bora: kwamba hakuna atakayepoteza kazi kutokana na wazo lililotolewa na wafanyakazi, kwamba watakaozidi watafundishwa kazi nyingine, na kwamba sehemu ya fedha itakayookolewa itarudi kwa waliookoa. Bila hivyo, mabango ya ufanisi yatabaki kuwa mapambo ya ukutani.

Mfongo umedumu kwa sababu anayeusafisha ndiye anayemwagilia migomba yake. Mwenye kiwanda anayetaka fundi aisikilize mashine, naye aruhusu maji yafike kihambani kwa fundi.

Hadi juma lijalo, kwa herini.