Kadi ya Bima Isingoje Mgonjwa

Mazungumzo na wafanyakazi wa Ikoma, wilayani Serengeti



Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Ikoma imo kadi ya bima ya afya. Imo katika pochi ya mwalimu, katika sanduku la muuguzi, katika mfuko wa askari wa hifadhi na chini ya godoro la mpishi wa hoteli. Kadi hiyo hutunzwa kama hati ya shamba. Lakini wengi wa wenye nayo huitoa siku moja tu: siku ambayo mwenyewe amekwisha kuanguka, au mtoto anatetemeka kwa homa, au gari linatafutwa usiku ili mtu akimbizwe Mugumu. Desturi hiyo haina budi kuzungumzwa, kwa sababu inamgharimu mfanyakazi fedha zake, nguvu zake, na mara nyingine uhai wake.

Yafaa kwanza kukumbuka kadi hiyo ilikotoka. Bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, inayolazimishwa na sheria ya nchi nzima, ilianza Ujerumani mwaka 1883. Wafanyakazi walitoa theluthi mbili za mchango na waajiri theluthi moja. Wajerumani hao hao ndio waliokuja kujenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya ishirini. Lakini bima hawakuja nayo. Walikuja na kodi, bunduki na kiboko. Haki ambayo mfanyakazi wa kwao aliipata, mwananchi wa hapa aliingoja kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Kwa miaka mingi matibabu katika hospitali za Serikali yalitolewa bila malipo. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Ndipo Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 ilipounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mwezi Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye shabaha ya kumfikia kila mkazi wa nchi, mwenye ajira na asiye na ajira. Kadi iliyo chini ya godoro, basi, ina historia ndefu nyuma yake.

Tena si zawadi. Sheria ya 1999 ilipanga mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 huchangiwa shilingi 36,000 kila mwezi: 18,000 zikikatwa katika mshahara wake na 18,000 zikitolewa na mwajiri. Kwa mwaka ni shilingi 432,000, na kwa miaka kumi ni shilingi 4,320,000. Fedha hizo hukatwa awe mzima au awe mgonjwa. Mtu anayelipa kila mwezi kisha akangoja mpaka mwili uvunjike ndipo adai haki yake, amefanana na mkulima aliyenunua jembe akalitundika ukutani, akaliteremsha siku ya njaa.

Wapo watakaosema kwamba bima ni ya wagonjwa, na mzima hana shughuli na hospitali. Jibu la hoja hiyo halihitaji kutafutwa mbali, kwa maana limeandikwa katika mbuga za Serengeti zenyewe. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usio na kifani, na njaa ikafuata katika jamii za wafugaji na wakulima. Ugonjwa huo ulikaa mbugani kwa miaka mingi. Ulipokuja kuondoka, haukuondolewa kwa kuwatibu nyumbu, maana hakuna mganga awezaye kumfukuza nyumbu mmoja mmoja na sindano. Uliondolewa kwa kuwachanja ng'ombe wa vijiji vya pembezoni, wakiwa wangali wazima. Nyumbu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa takriban robo milioni, walizidi milioni moja ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetoweka duniani kote. Watalii wanaopita katika Lango la Ikoma kwenda kutazama misafara ya nyumbu wanatazama, bila ya wengi wao kujua, matunda ya kinga. Na mishahara mingi ya Ikoma imetoka katika matunda hayo.

Lililomfaa nyumbu haliwezi kukosa kumfaa binadamu. Nchi hii ilikwisha kulithibitisha hilo mwaka 1973, kwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi. Hawakungoja kuugua. Walishika majembe wakiwa wazima, na ndiyo maana waliweza kuyashika.

Sasa mfanyakazi wa Ikoma anayetaka kujikinga ana milango mitatu, na ni vema aijue yote ili asibishe hodi pasipohusika.

Mlango wa kwanza ni huduma za Serikali zitolewazo bila malipo katika vituo vya umma. Humo zimo chanjo za watoto, kliniki ya wajawazito na ya watoto wadogo, upimaji wa virusi vya UKIMWI, uchunguzi wa kifua kikuu, na uchunguzi wa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi. Mlango wa pili ni kadi yenyewe: kumwona daktari, vipimo anavyoviagiza, dawa, na matibabu ya kile kilichogunduliwa. Kadi hiyo haimhusu mwenye mshahara peke yake. Humhusu pia mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mlango wa tatu ni wajibu wa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda awapo kazini. Mfanyakazi na aulize kituoni, mapema na bila haya, ni kipimo gani kinapita mlango gani. Kuuliza leo kunaondoa ubishi wa dirishani kesho.

Ichukuliwe mifano mitatu, ili jambo hili lisibaki maneno matupu.

Mfano wa kwanza ni shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wanaishi na shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu ugonjwa huo hauumi. Mpishi huamka, huwasha jiko na kurudi nyumbani, huku mishipa yake ikizidiwa mwaka hata mwaka. Kumpima ni kumfunga mkanda mkononi kwa dakika chache. Akionekana na shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, na vipimo vya kurudia vikathibitisha, atapunguza chumvi, atatembea, atameza dawa kila siku. Asipopimwa, huenda akaijua habari yake siku ya kiharusi, au siku ya kuambiwa kwamba figo zimeshindwa kazi. Mtu wa figo husafishwa damu kwa mashine kwa kawaida mara tatu kila wiki, na mashine hizo hazipo vijijini. Kati ya kidonge cha kila siku na safari tatu za kila wiki, ni ipi iliyo nafuu kwake, kwa watoto wake na kwa Mfuko?

Mfano wa pili ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka huo mmoja. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida ya mwili, huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 tangu kirusi kuingia mpaka saratani kutokea. Miaka hiyo yote ni nafasi ya kuizuia. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, hutazama kama pana weupe usio wa kawaida, na mara nyingi huweza kuyatibu mabadiliko hayo siku ile ile. Mwalimu au mhudumu wa hoteli aliyetimiza miaka 30 ana sababu ya kwenda, hata kama hasikii maumivu. Na mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi na arudi mara kwa mara. Binti zao wenye umri wa miaka 9 hadi 14 wamewekewa chanjo, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja. Anayengoja damu na maumivu huanza safari ya Musoma, kisha Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Na wengi hufika saa ya magharibi.

Mfano wa tatu ni wa Ikoma hasa: malale. Mbung'o wapo katika mapori ya Serengeti, na malale ya upande huu wa Afrika huenda kasi. Yasipotibiwa huweza kuua katika muda wa miezi. Homa yake huanza kama homa ya malaria. Askari wa doria, dereva wa watalii au mchunga ng'ombe mwenye homa isiyokoma amwambie daktari waziwazi: kazi yangu iko porini, mbung'o wameniuma. Neno hilo moja laweza kuelekeza kipimo cha damu kwenye ugonjwa wenyewe. Vivyo hivyo aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha aende kituoni siku ile ile. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo baada ya kung'atwa. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

Sababu za watu kutokwenda kupima zinajulikana, na haifai kuzidharau. Wengine wanaogopa kwamba anayetafuta ugonjwa ataupata. Lakini kipimo hakileti ugonjwa. Huufichua ule uliokwisha kujificha, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine wana sababu nzito zaidi: njia ni ndefu, foleni ni ndefu, na siku ya kazi ikipotea msimamizi ananuna. Hao wasilaumiwe. Hapo wa kulaumiwa ni utaratibu, na utaratibu hurekebishwa na watu walioungana.

Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa mfanyakazi mmoja mmoja. Mwajiri anayewakata wafanyakazi michango awape pia siku ya kupima afya kila mwaka, bila ya kuwakata mshahara. Hoteli hupanga miezi ya wageni wachache kwa ajili ya ukarabati wa vyumba. Miezi hiyo hiyo ipangwe kwa afya ya wanaovitandika. Michango ifikishwe inakotakiwa kwa wakati, na vibarua wa msimu wasiachwe nje ya hesabu. Matawi ya vyama vya wafanyakazi, yawe ya walimu katika CWT, ya watumishi wa Serikali na afya katika TUGHE, au ya hifadhi na hoteli katika CHODAWU, yaulize kila mwaka maswali matatu: je, michango imefika? Je, wategemezi wote wameandikishwa? Je, ni wangapi waliopimwa? Tawi lisilojua majibu ya maswali hayo halijaanza kazi ya Mei Mosi, hata likivaa fulana mpya.

Watoa huduma nao wana sehemu yao. Mtu mzima aliyekuja kupimwa asiambiwe kwamba anapoteza wakati wa wagonjwa. Leo amekuja kwa miguu yake. Akifukuzwa, siku moja atarudi akiwa amebebwa.

Na wale wasio na mshahara, wakulima na wafugaji wa Robanda na vijiji jirani, wasione kwamba mazungumzo haya hayawahusu. Mlango wa kwanza uko wazi kwao tangu sasa, na Sheria ya mwaka 2023 imewataja. Mfanyakazi anayejua haki yake ni mwalimu wa jirani yake: amwambie mama mwenye binti wa miaka tisa kuhusu chanjo, amwambie mzee mwenye kizunguzungu kwamba mkanda wa kupima upo katika zahanati.

Ndugu wafanyakazi, Ikoma ni nchi ya watu wanaosoma nyayo. Mwenye macho huona alama mavumbini, akajua ni mnyama gani amepita na ameelekea wapi, kabla hajamwona. Maradhi nayo yana nyayo: namba katika kipimo cha damu, weupe mdogo katika mlango wa kizazi, homa isiyokwisha. Kadi itolewe chini ya godoro sasa, nyayo zikiwa bado mbichi na mnyama yungali mbali na boma.