Simiti Tuliyotuma: Maneno ya Mweka Hazina Katika Mkutano wa Mwaka



Hesabu kamili zimechapishwa ndani ya kijitabu hiki, hatutazisoma. Tunaomba tuzungumze juu ya mstari mmoja tu: mifuko 60 ya simiti.

Fedha hizo zilikwenda kutengeneza nyumba tatu za wazee, huko Mkomani na Langoni, ambazo lipu yake ilikuwa ikibambuka. Mifuko ilifika, fundi alilipwa, risiti zipo. Mkaguzi hakuona kosa. Lakini masika ya kwanza yalipopita, lipu mpya ilivimba na kuanguka, safari hii juu zaidi kuliko mwanzo, na nyuma ya makabati yakatokea madoa meusi ya ukungu. Bi mkubwa mmoja, ambaye kikohozi chake ndicho kilichotufanya tuanze kuchanga, alituambia: "Wanangu, msiniletee simiti tena."

Ndipo tukaenda kuwauliza mafundi wazee, jambo ambalo tungelifanya kabla ya kutoa hata shilingi. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaachia maji hayo yatoke polepole na ukuta ukakauka. Simiti huyazuia. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, na yanapofika huko juu huacha chumvi inayosukuma lipu mpaka ianguke. Rangi ya mafuta nayo hufanya vivyo hivyo. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zinabaki na maji, zinaoza, na hapo hatuzungumzii kifua tena bali dari kumwangukia mtu.

Kuhusu kifua, sisi si madaktari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaosema kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Watoto na wazee wetu ndio walalao vyumba vya ndani, visivyo na dirisha la nje.

Na hapa tuambiane ukweli, maana wengi wetu humu ukumbini tumo. Ni sisi tulio mjini tuliotuma fedha za kuezeka kiwanda cha nyumba ili kipatikane chumba cha kupangisha. Kiwanda kile ndicho kilichokuwa pua ya nyumba. Tumekiziba, kisha tunatuma fedha za dawa.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba mchango wa aina nyingine. Kwanza paa na mifereji yake. Pili birika za chooni zinazovuja, ambazo hulowesha ukuta usiku na mchana na hakuna anayeziangalia. Kisha kubandua simiti yetu wenyewe, na kuuacha ukuta ukauke kiangazi kizima kabla ya kupiga lipu ya chokaa iliyolowekwa vizuri, kwa mchanga usio na chumvi. Tusipake juu yake ila chokaa.

Kazi hii ni ya polepole na haipendezi katika picha. Mtachangia sasa, na mwakani mkija kwa Maulidi mtakuta ukuta mtupu, mawe yako wazi. Msidhani fedha zimeliwa. Chokaa nayo si rahisi kuipata kama simiti ya dukani, na mafundi wanaoijua wamebaki wachache. Tungependa kila nyumba iwe na kijana mmoja anayejifunza, alipwe posho. Kabla ya kugusa ukuta wowote tutapita kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa pale Lamu, kwa kuwa Mji wa Kale umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001.

Tutaanza na nyumba zile zile tatu. Kila moja itakuwa na daftari lake, na mchangaji yeyote ataruhusiwa kulifungua. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho. Mwenye mzazi anayelala chumba chenye unyevu na aandike mtaa nyuma ya fomu, hata kama leo hana cha kuchanga.